Posa Tuliyoifuata Gozo

Kila mmoja wenu kaniuliza, na kila mmoja nimempa kipande. Wa hapa Khuwair mnajua habari ya halua tu. Wa Sidab mmesikia kwamba Zuwena alitapika kwenye feri. Na yuko mmoja, simtaji jina lakini atajijua, anayepita akisema Rahma wangu kakataliwa na Wazungu. Basi jimiminieni chai mkae, nakuandikieni safari yote tangu mlangoni kwangu mpaka nilivyorudi. Habari za viza na tiketi naziruka, kwa sababu alizishughulikia Rahma mwenyewe, na mimi nilikuwa natia saini tu pale aliponionyesha kidole.

Khuwair: kwa nini twende sisi

Rahma mnamjua. Ndiye mtoto wangu wa pekee, anachora ramani za majumba katika ofisi moja hapa hapa Khuwair ya Kusini, na ana kichwa kigumu cha marehemu baba yake. Yusuf wengi wenu hamjamwona. Ni fundi wa mawe, kazi yake kukarabati minara na ngome za kale, na alikuja hapa Maskati kwa kazi hiyo. Kwao ni Gozo, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania. Alisilimu kabla hajamjua Rahma, na hilo nalisema mapema kwa sababu midomo yenu naijua. Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, akalelewa na mama wa baba yake, ambaye sasa ni kikongwe na hawezi tena kupanda ndege.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Katika ukoo wetu binti hatoki mpaka mtu mzima wa upande wa mume aje, akae chini, amwombe kwa mdomo wake mwenyewe. Haiwi kwa barua wala kwa simu, na bwana harusi hajiombei. Tena mwombaji asichokonolewe. Mtu akishaambiwa "sema hivi", posa hiyo kwetu imeharibika. Wengine hudhani ni maringo ya watu wa Unguja, lakini ina sababu yake. Bibi mkuu wa ukoo wetu, Bibi Zafarani, aliibiwa bara akiwa mtoto, akavushwa bahari, akauzwa Unguja, na alipokua bwana wake akamfanya suria. Hakuna aliyemposa. Angeposwa kwa nani, na pale hakuwa na baba wala mama? Alizaa wana, na alipozeeka akawaapisha kwamba binti yeyote wa tumbo lake ataombwa, tena kwa maneno yanayosikika. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa watoto wa ndugu, kwa hiyo kiapo hicho kinamfunga Rahma kwa mama na kwa baba.

Walii wa Rahma, mwenye kumwozesha, ni ami yake, shemeji yangu Khalfan. Ni mtu mwema, lakini akishika jambo utadhani kalipigilia misumari. Tulikaa sebuleni kwake, mkewe Bi Maryamu akitumiminia kahawa, kimya kama kawaida yake.

"Bibi yake Yusuf hawezi kuja, nimefahamu," alisema Khalfan. "Miguu namsamehe. Mdomo simsamehe."

"Basi tumpigie simu ya video, ami," Rahma akasema.

"Simu si uso. Atakwenda mama yako akae mbele yake. Kikongwe akisema, mama yako atasikia, na mie ntamwamini." Kisha akamgeukia Yusuf, akabadilisha akasema naye Kiarabu. "Na weye nnataka uape hapa hapa. Humfundishi bibi yako neno hata moja. Kama moyoni mwake hamna posa, na ijulikane."

Yusuf akaapa. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mlangoni aliniambia kwamba bibi yake anampenda Rahma kwa picha tu, na kwamba atasema siku ileile tutakayofika.

Khalfan aliniita pembeni kabla sijatoka. "Asya," alisema, "usiposikia kwa masikio yako, urudi, na mambo yaishie hapo. Usije ukanitengenezea maneno."

Niliitikia, tukatoka. Rahma ndiye aliyeniendesha kurudi nyumbani. Alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili, na Rahma haendeshi hivyo.

Istanbul: tulipokwama

Mdogo wangu Zuwena alijitolea kunisindikiza, kwa maneno yake mwenyewe, "ili usije ukaonewa". Alibeba begi moja la nguo na moja la chakula. Ndani mlikuwa na mabakuli ya halua ya zafarani, kahawa iliyokwisha sagwa na hiliki, pilipili ya kukaanga, na udi. Nilimwambia Wazungu nao wanakula. Akanijibu, "Wanakula nini? Hilo ndilo swali."

Istanbul ilikuwa tubadilishe ndege tu, lakini ukungu ulishuka ndege zikazuiwa, na tukakaa uwanjani siku nzima. Zuwena aligombana na mashine ya maji, akapatana nayo, akalala. Mimi nilikaa karibu na mzee mmoja wa Kituruki aliyewahi kufanya kazi Kuwait, akawa anajua Kiarabu cha kuvunjavunja. Alinipa zabibu kavu, nami nikampa kahawa yetu kwenye kikombe cha plastiki. Aliinusa, akainywa, akataka tena.

Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Gozo.

"Gozo!" akacheka mpaka akakohoa. "Wazee wetu walikwenda sana huko. Ila wao hawakukata tiketi."

Sikumfahamu. Akanieleza kwamba zamani maharamia walitoka pwani za Waislamu na majahazi ya makasia, wakashuka katika visiwa vile, wakakamata watu mashambani na majumbani mwao, wakaenda kuwauza. Alikuwa anasema kwa mzaha, kama watu wanavyosimulia mambo ya kale yasiyowauma. Nami nilicheka kwa adabu. Lakini alipoondoka nilibaki nikifikiri. Yusuf hakuwahi kunitajia jambo hilo hata siku moja, na mimi nilikuwa naenda kwa watu wale nimevaa baibui.

"Weye na fikra zako," Zuwena alisema nilipomwamsha kumwambia. "Hayo ya enzi za nyoka wana miguu. Nani anayakumbuka?"

Kwenye feri

Malta tulifika tumechoka, tukapokewa na shangazi yake Yusuf, aitwaye Cheta. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya kazi, anajua Kiingereza vizuri, na Kiingereza hicho ndicho tulichozungumza naye safari yote. Alitubusu mashavuni kabla hatujajua la kufanya. Zuwena alipeleka shavu moja, akaondoka, na busu la pili likaangukia hewani.

Kutoka Malta mpaka Gozo kuna feri, na ni mwendo mfupi tu, lakini siku ile bahari ilikuwa imechafuka. Zuwena, aliyekulia Unguja na akajigamba uwanjani kwamba bahari ni nyumbani kwao, alikumbatia nguzo. Mambo mengine mnayajua. Kuna bibi mmoja, hatumjui hatujui, aliyemshika kichwa kwa nyuma muda wote huku akimsomea dua yake, na ndani ya dua ile tukasikia mara kwa mara akisema "Alla, Alla".

"Asya," Zuwena akasema kwa sauti ya mgonjwa, "huyu Muislamu?"

Alikuwa na msalaba shingoni. Cheta akatueleza kwamba wao Wakristo wa kule Mungu wanamwita Alla, tena mlango kwao ni bieb na mkate ni hobz, karibu kabisa na Kiarabu. Nilifurahi wallahi. Nikamwambia nadhani tutaelewana basi. Cheta akatabasamu, akasema Nanna, yaani bibi, ametungoja sana.

Nyumba ya Nanna

Nyumba ni ya mawe ya manjano, ina ua katikati na ngazi ya nje ya kupandia darini. Nanna Karmena alikuwa amekaa kitini mlangoni, amevaa nguo nyeusi, mdogo kama mtoto wa skuli. Alinishika mikono yote miwili akanitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akasema "Merhba," na hilo halikuhitaji mkalimani. Nilimpenda pale pale, na nikasema moyoni, leo leo maneno yatatoka.

Tulikaa mezani. Kwa heshima zote nikaliweka bakuli la halua katikati ya meza, mbele yake. Nanna alipoliona aliguta kwa furaha. "Helwa tat-Tork!" Cheta akafasiri kwamba kwao halua huiita halua ya Mturuki, ingawa yao ni kavu, ya ufuta. Tukacheka wote. Nanna akaligusa bakuli kwa vidole, akalizungusha kidogo, akaliacha. Akanitazama mimi.

Nami nikamtazama yeye. Kwetu, mnajua, zawadi ukishaitoa si yako tena. Mgeni hafungui bakuli alilolileta mwenyewe, akaanza kuchota! Ni mwenyeji anayefungua, akakaribisha. Nikangoja. Nanna naye akangoja. Mwishowe Cheta akaleta samaki, tukala samaki.

Na ni chakula kweli. Kulikuwa na samaki wa kukaanga, jibini ndogo ndogo za mviringo za maziwa ya kondoo, mkate wa ganda gumu uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, na matunda ya dungusi kakati, yale ya miiba, yaliyokwisha menywa. Nyama ya sungura tuliiepuka kwa kuwa hatukujua kachinjwa vipi, na Nanna akadhani tuna maradhi ya tumbo, akatuchemshia majani fulani machungu tukayanywa kwa sura nzuri. Zuwena alikula jibini mpaka nikamfinya chini ya meza.

Baada ya chakula Nanna alikohoa, akaweka mikono pajani, akajiweka sawa kitini. Mimi na Zuwena tukakaa wima. Niliuvuta ushungi wangu vizuri. Nanna akasema maneno machache, na Cheta akafasiri.

"Anauliza kama mnahisi baridi, awape blanketi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, jamani, siku baada ya siku. Kila Nanna akikohoa tunakaa wima, na kila mara ni blanketi, au jibini zaidi, au swali kama Maskati kunanyesha mvua. Alikuwa mwema kupita kiasi. Alinifundisha kuzifinyanga zile jibini, nami nikamfukiza chumba chake kwa udi, akasema kinanukia kama kanisa, nikajua ananisifu. Tulihesabu pamoja kwa lugha yetu ya nusu kwa nusu, wahid, tnejn, tlieta, tukacheka kama wasichana. Jua lilikuwa zuri, na mimi tangu nifiwe na mume wangu sijakaa mahali moyo ukatulia namna ile. Lakini la Rahma halitajwi. Na lile bakuli la halua limekaa katikati ya meza, kisu cha jibini pembeni yake, halijaguswa. Wanapangusa meza, wanalinyanyua, wanalirudisha palepale.

"Wanadhani ina sumu?" Zuwena akanong'ona. "Halua ya zafarani, lozi mpaka zinamwagika, wameiweka kama picha ya ukutani!"

"Hebu nyamaza. Watafungua."

"Hawataki. Asya, mie nnakwambia, hawa hawataki. Wanatukirimu tu ili tuondoke kwa wema."

Nilimkemea, lakini na mimi nilishaanza kuamini hivyo. Rahma alikuwa akinipigia kila jioni. Mwanzo aliuliza, "Mama, kasema?" Baadaye akawa anauliza, "Mzima, mama?" tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Ngomeni

Cheta alituchukua tukaione ngome yao, iliyo juu ya kilima katikati ya kisiwa. Kutoka pale ukutani unaona mashamba, makanisa na bahari pande zote. Ni pazuri, na upepo ulikuwa unatupeperusha baibui mpaka watalii wakatupiga picha sisi badala ya ngome.

Nikamuuliza Cheta habari aliyoniambia yule mzee wa Kituruki. Aliniangalia kwanza, kama mtu anayeogopa kumuudhi mgeni. Kisha akasema. Palikuwa na zama ambazo kila mtu kisiwani, usiku ukiingia, alitakiwa apande kulala ndani ya ukuta ule, kwa kuogopa maharamia. Na ukaja wakati walikuja wengi, wakaipiga ngome, ikafunguka. Wakawachukua karibu watu wote wa kisiwa, wanaume, wanawake na watoto, wakawapakia wakaenda kuwauza Tripoli. Kisiwa kikabaki na wazee na mbuzi. Baadhi ya waliochukuliwa walikombolewa na jamaa zao waliouza mashamba, wengi hawakurudi.

"Na watu wetu," akaongeza, "walikuwa wakifanya yaleyale. Walitoka bandari za Malta wakaenda kukamata Waislamu. Hilo skuli hawalisemi sana."

Nikamwambia Cheta kwamba na sisi tuna wa kwetu aliyevushwa bahari. Sikumweleza zaidi. Nilijizuia, kwa sababu Bibi Zafarani ndiyo posa yenyewe. Nikimtaja yeye nitakuwa nimechokonoa, na Khalfan aliniapisha kwa macho yake. Tukarudi nyumbani kila mtu na lake kichwani.

Begi la Zuwena

Siku ya kuondoka ikafika. Gari la kutupeleka bandarini lilikuwa nje, na Cheta anapakia mizigo. Mimi nilikuwa chumbani najifunga mtandio, na sioni haya kukwambieni kwamba nilikuwa nalia. Nilikuwa namlilia Rahma, na namlilia yule bibi pia, maana nilikuwa nimeshampenda, na siwezi kumchukia mtu kwa kuwa hakumtaka mwanangu.

Ghafla nikasikia sauti ya Nanna, kali, sijawahi kuisikia. Nikatoka mbio. Zuwena amesimama mezani, begi lake liko wazi, na bakuli la halua limekwisha ingia ndani. Mdogo wangu alikuwa amechukua zawadi yetu wenyewe kuirudisha Maskati!

"Zuwena! Umeingiwa na nini?"

"Si hawaitaki? Ntaila mwenyewe uwanjani. Halua yangu haifanywi pambo mie!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama yetu angekuwa hai angemtia kofi. Lakini nilipomgeukia Nanna kumtaka radhi, nikamkuta machozi yanamtoka, anasema maneno yaleyale tena na tena. Nikamwita Cheta aje kufasiri.

"Anauliza kosa lake nini," Cheta akasema, naye kapauka. "Anauliza kwa nini mmemchukua tena Rahma."

"Rahma? Hii halua!"

Ndipo mambo yakafunguka. Nakuandikieni kama Cheta alivyofasiri, maana Nanna alisema kwa mfululizo huku kalishika begi la Zuwena kwa mkono mmoja asije akalifunga.

Katika nyumba ile hawaombi mtoto wa mtu. Haijapata kutokea. Mwanamke waliyetokana naye alikuwa mmoja wa waliochukuliwa kutoka ngomeni, akakombolewa, akarudi mzee bila ya mtoto aliyeondoka naye. Akawakataza wanawe waliobaki wasiende mlangoni kwa mtu kusema "tupe binti yako", kwa sababu waliokuja kwao walisema hivyohivyo, tena kwa panga. Tangu siku hiyo, kijana wao akimpenda msichana, wao hukaa kimya nyumbani, mlango wazi. Mama wa msichana akiridhika huja mwenyewe, huweka mkate mezani, na huukata kwa mkono wake. Akishaukata, binti keshatolewa kwa hiari. Nanna mwenyewe aliletwa nyumba ile hivyo. Vijana hawaambiwi mpaka siku ya mkate, kwa hiyo hata Yusuf hakujua.

"Ulipoiweka halua nilidhani ndiyo mkate wenu," alisema Nanna. "Nilifurahi. Nikangoja uikate. Hukuikata. Kila siku nakuwekea kisu karibu, na kila siku hukishiki. Nikasema, anatupima. Na leo mnaiondoa."

Kisu! Nilikiona kile kisu kila siku. Nilidhani ni cha jibini.

Nikakaa kitini. Nikamweleza yote. Nikamwambia habari za Bibi Zafarani, na Khalfan, na kiapo cha Yusuf, na kwamba kila alipokohoa mimi nilikaa wima. Cheta alikuwa anafasiri huku anacheka na kulia. Zuwena alilitoa bakuli polepole akalirudisha mezani, kimya kama mwizi.

"Basi sasa mmejua," Zuwena akasema. "Omba, bibi, tukate, twende tukapande feri."

Lakini Nanna alitikisa kichwa. "Kuomba siwezi. Nilimuahidi mama mkwe wangu akiwa kitandani pa kufa."

"Na mie bila ya kuombwa siwezi kumtoa," nikasema. "Na mie nimeahidi."

Tukatazamana. Nje dereva akapiga honi. Nilihisi kweli kwamba mwanangu anakosa mume kwa sababu ya wanawake wawili walioibiwa kabla hatujazaliwa sote, na kila mmoja alikuwa anataka wajukuu zake wasidhulumiwe.

Nanna akaniuliza, "Huyo bibi yenu. Mnasema hakuposwa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuulizwa?"

"Hakukuwa na mtu. Alikuwa peke yake."

"Alikuwepo mwenyewe," akasema Nanna.

Cheta akalifasiri neno hilo. Mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Tangu utoto wangu nimesimuliwa habari za Bibi Zafarani, nami nimezisimulia, na sote tulikuwa tukilia kwamba hakuwa na baba wa kuombwa. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale, na ana mdomo, halikutupitikia.

"Wewe sikuombi kitu," Nanna akaendelea. "Nitamuuliza yeye. Hilo sikuapishwa. Mpigie."

Rahma alipokea akiwa kazini, amevaa kofia ngumu ya ujenzi, nyuma yake watu wanapiga nyundo. Nanna akaishika simu karibu mno na uso wake, mpaka Rahma nadhani alikuwa anaona pua tu. Akamuuliza kwa lugha yake, na mimi nililifahamu swali bila ya Cheta. "Rahma, trid tiji?" Unataka kuja?

Rahma akainamisha kichwa. Mnajua kwetu binti akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kuridhia. Alinyamaza vizuri, kama nilivyomlea. Nikamwambia Cheta, mwambie kikongwe keshajibiwa, kwetu kimya ni jawabu.

Nanna hakuiteremsha simu. "Waliochukuliwa nao walikuwa kimya," akasema. "Nataka kumsikia."

Nikamwambia Rahma, "Mwanangu, jibu. Kwa mdomo wako."

Akainua uso. Zile nyundo nyuma yake zilikuwa zinaendelea. Alinitazama kwanza mimi, kisha yeye. "Nnataka, Nanna," akasema, kwa sauti kubwa ya kuzishinda nyundo. "Nnataka kuja. Na siku nikitaka kurudi kwetu, ntarudi."

Cheta akafasiri, na Nanna akacheka kwa meno yake machache, akasema ndiyo, ndiyo, mlango ni uleule. Akanipa kisu. Nikaikata halua, na kwa kuwa halua yetu haikatwi kwa kisu ilinata ikavutika ikatupaka sote mikono, tukala hivyohivyo. Feri ile ilituacha, tukapanda ya baadaye, na Zuwena hakutapika.

Kurudi Khuwair

Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia Khalfan, kwa sababu aliniambia nisimtengenezee maneno, na hivi nilivyosikia sivyo alivyonituma nisikie. Ingekuwa juu yake. Angeweza kusema haikuwa posa.

Tulitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka kwake, Rahma na Yusuf wakatukuta huko. Khalfan alinisikiliza bila ya kunikatiza, macho chini, mkewe Bi Maryamu kasimama na buli la kahawa mkononi. Nilipomaliza alikizungusha kikombe chake mkononi mpaka Yusuf akaanza kutokwa jasho.

"Kwa hiyo weye hakukuomba," akasema.

"Hakuniomba."

"Kamuuliza mtoto."

"Kamuuliza mtoto, tena hakukubali kimya. Kamsikia."

Khalfan akapangusa uso kwa kiganja. "Bibi Zafarani alisema binti ataombwa," akasema taratibu. "Alisema kwa maneno yanayosikika. Aombwe kwa nani, hilo hakulisema. Sisi ndio tuliolitia." Akamtazama Rahma. "Kaposwa. Mie nimeridhika."

Zuwena akapiga vigelegele mpaka jirani akafungua dirisha. Rahma alinikumbatia akanilowesha bega zima. Na katikati ya kelele zile Bi Maryamu, ambaye miaka yote hii sijamsikia akiingilia mazungumzo ya wanaume, akaliweka buli mezani.

"Na mie?" akasema.

"Weye nini?" Khalfan akauliza.

"Mie aliniuliza nani?"

"Khaa! Maryamu! Walikuja wazee wetu kwa baba yako, sebule ilijaa!"

"Walimuuliza baba. Mie nilikuwa jikoni nawakaangia sambusa."

Hakukasirika, alisema tu. Khalfan alitutazama sote mmoja mmoja, atafute wa kumsaidia, na hakupata. Akavua kofia yake akaishika mapajani. Masikio yamemwiva kama kijana.

"Basi nnakuuliza sasa," akasema. "Maryamu. Umeniridhia?"

Bi Maryamu akavuta kiti, akakaa katikati yetu, akajimiminia kahawa yake mwenyewe, akanywa taratibu mpaka ikaisha.

"Niache nifikiri," akasema.